Ukakasi Si Kasoro: Namna ya Kuonja Barolo

Mjomba wangu ni mtu wa Newala, amekulia chini ya mikorosho. Alipokuja Dar es Salaam mwaka juzi nilimfungulia chupa ya Barolo niliyokuwa nimeificha kabatini nikisubiri mgeni anayeistahili. Akapiga funda moja, akatulia, akapitisha ulimi kwenye ufizi wa juu, kisha akanigeukia. “Mpwa wangu, mbona ina ukakasi kama bibo?”

Meza nzima ikaangua kicheko. Walidhani mzee wa watu kashindwa na vinywaji vya ughaibuni. Kumbe kati yetu sote yeye ndiye pekee aliyeonja. Sisi wengine tulikuwa tumesoma lebo tu. Bibo na Barolo vina ukakasi kwa sababu moja: tanini. Na mtu anayeweza kuisikia tanini mdomoni, akaitaja kwa jina lake bila kusaidiwa, ameshavuka nusu ya safari ya kuujua mvinyo huu.

Wengi wetu tuliingia kwenye mvinyo mwekundu kwa mlango wa utamu. Tukikutana na ule usio na sukari, unaokausha mdomo, tunauita mchungu, mchachu au mbovu, kana kwamba maneno hayo yana maana moja. Ushauri wangu leo ni huu: yatenganishe. Kiswahili kina ukakasi, ugwadu, uchungu na ukali, na kila neno lina kazi yake. Ukiyatumia sawasawa utaweza kuipima chupa ya Barolo bila kukariri misamiati ya watu wengine.

Ni mvinyo wa namna gani?

Barolo hutoka kwenye vilima vya Langhe, karibu na mji wa Alba, katika mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Hutengenezwa katika eneo la vijiji 11 tu, kwa zabibu ya aina moja tu, Nebbiolo. Wengi hulihusisha jina hilo na neno la Kiitaliano la ukungu, nebbia, kwa kuwa zabibu hii huchelewa kuiva na mara nyingi huchumwa Oktoba, wakati ukungu umeanza kulala mabondeni.

Sheria ya Barolo inamlazimisha mtengenezaji kusubiri. Mvinyo lazima ukae miezi 38 kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na kati ya hiyo miezi 18 iwe ndani ya mbao. Kwa hiyo mavuno ya 2019 hayakuruhusiwa kufika sokoni kabla ya Januari 2023. Ukiona neno Riserva kwenye lebo, jua mvinyo umesubiri miezi 62. Sababu ya subira yote hiyo ni ukakasi: Nebbiolo huzaliwa na tanini nyingi na ugwadu mwingi kwa pamoja, na vitu hivyo viwili havipatani haraka.

Anza na chai

Kabla hujafungua chupa, ingia jikoni. Chemsha maji, tengeneza chai ya rangi bila sukari, uache majani ndani kwa dakika 10 mpaka ikolee kama maji ya mikoko. Mimina vikombe viwili. Cha kwanza kiache kilivyo, cha pili tia maziwa. Kikombe cha tatu kiwe cha chai nyepesi iliyokamuliwa ndimu.

Onja cha kwanza, usikimeze mara moja, kizungushe mdomoni. Utasikia mambo mawili. Kuna uchungu, ambao ni ladha. Halafu kuna kile kitu kinachoufanya ufizi na mashavu kwa ndani yawe makavu, kama umepitisha kitambaa. Huo ndio ukakasi, nao si ladha bali ni mguso: tanini zimeshikana na protini za mate, mate yamepoteza utelezi wake, na sasa nyama ya mdomo inasuguana yenyewe kwa yenyewe.

Sasa onja chai ya ndimu. Hapa mdomo haukauki. Unafurika mate, na ukizidisha ndimu meno yanaingia ganzi. Huo ni ugwadu. Kipimo chake ni rahisi: ukishameza, hesabu mate yanavyorudi. Yakirudi mengi na haraka, ugwadu ni mkubwa.

Malizia na chai ya maziwa. Majani yaleyale, dakika zilezile, lakini ukakasi umelainika sana. Tanini zimekutana na protini za maziwa kwanza, zikashikana nazo humo kikombeni, hazikubaki nyingi za kuja kusumbua ufizi wako. Likumbuke jambo hili. Tutalihitaji tukifika kwenye chakula. Na asiyekunywa pombe anaweza kuishia hapa akiwa na somo lake kamili.

Joto, hewa na glasi

Kosa lililomfanya mjomba akunje uso halikuwa la mvinyo, lilikuwa langu. Niliitoa chupa kabatini mchana wa Februari na kuimimina palepale. Watu husema mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani, lakini chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya zamani, si sebule ya Dar es Salaam yenye nyuzi 31. Barolo inataka nyuzi 16 hadi 18. Ikipita hapo, pombe, ambayo huwa asilimia 14 na zaidi, inapanda puani na kufunika kila kitu. Ikiwa baridi mno, harufu zinajifungia na ukakasi unakuwa mkali kuliko ulivyo. Iweke kwenye friji saa moja na nusu au mbili, au kwenye ndoo ya maji na barafu kwa kama dakika 10, halafu mimina kidogo ujaribu. Ni heri ianze na ubaridi kidogo, maana glasi itaipasha yenyewe.

Barolo changa, tuseme ya chini ya miaka 10, imimine kwenye jagi safi saa mbili kabla ya kuonja. Kuzibua kizibo na kuiacha chupa mezani hakusaidii kitu, kwa sababu hewa inayogusa mvinyo ni ile ya shingoni tu, duara dogo kuliko sarafu. Barolo ya miaka 20 na zaidi ni habari nyingine. Isimamishe wima siku nzima ili mashapo yatulie chini, izibue taratibu kwa kuwa kizibo kinaweza kumeguka, mimina kwa mkono mmoja usiotetemeka, na uache ukiona mashapo yanakaribia shingo. Hiyo onja mara moja. Mzee hapigwi upepo mrefu.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, nyembamba kadiri utakavyopata, isiyo na harufu ya sabuni wala ya kabati. Jaza robo tu. Weka pembeni chombo cha kutemea. Anayetathmini chupa nne au tano hutema, na hakuna aibu. Anayemeza zote, chupa ya tano ataisifu hata ikiwa siki. Na funguo za gari mpe mwingine.

Macho yasikudanganye

Iinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe. Anayeonja Barolo kwa mara ya kwanza hushtuka hapa: mbona nyepesi? Unaweza kuona vidole vyako upande wa pili. Ukingoni rangi inaelekea kwenye matofali au ganda la chungwa, hata kama chupa ina miaka sita tu. Usiishushe thamani kwa hilo. Nebbiolo ina rangi kidogo kwa asili, na kidogo hiyo huhama mapema kuelekea rangi ya matofali. Kwa mvinyo huu, wepesi wa rangi haukwambii lolote kuhusu wepesi wa mdomoni. Ukiiona Barolo nyeusi tii kama maji ya zambarau, hapo ndipo uulize maswali.

Kitu ambacho jicho linafaa kukagua ni mng'ao na umri. Mvinyo uwe na uhai, usiwe mfu kama maji ya kutu. Kahawia iliyotanda hadi katikati ya glasi kwenye chupa ya miaka saba inakutangulizia habari mbaya, na pua itathibitisha.

Pua ndiyo hakimu wa kwanza

Nusa kwanza bila kuzungusha glasi. Harufu nyepesi, zile zinazokimbia, hukaa juu kabisa na utazipoteza ukianza kusukasuka. Kisha zungusha mara tatu, nne, unuse tena.

Harufu mbili zimeshikamana na jina la Barolo tangu zamani: waridi na lami. Lami unaijua, ni ile ya barabara jua likiichoma saa saba mchana. Ukiisikia chini ya waridi lililoanza kunyauka, umeshaipata Nebbiolo. Nyingine zinazojitokeza ni cheri, majani makavu ya dawa, na urukususu, ule mzizi mtamu wa maduka ya dawa za asili. Miaka ikipita huja ngozi, tumbaku, uyoga na udongo uliolowa mvua ya kwanza. Huna haja ya kuzipata zote. Tafuta mbili au tatu unazoweza kuziapia, na ziite kwa jina la kitu unachokijua. Anayeandika “cheri” bila kuwahi kula cheri anajidanganya. Kama unachosikia ni zambarau au ukwaju uliopikwa, andika zambarau, andika ukwaju.

Pua pia ndiyo inayokamata kasoro za kweli, zile ambazo hewa na subira haziponyi. Harufu ya boksi lililoloa au chumba chenye ukungu wa ukutani ni kizibo kilichoingiwa na kemikali. Kadiri unavyoiacha ndivyo inavyozidi. Harufu ya tofaa lililochubuka na karanga za zamani kwenye chupa changa ni hewa iliyoingia. Harufu kali ya siki au gundi ni bakteria. Na kwa sisi wa nchi za joto, angalia sana harufu ya jamu iliyoungua: chupa imekaa kwenye kontena au ghala lenye joto. Kabla hata ya kununua, pitisha kidole shingoni. Kizibo kikiwa kimejisukuma juu, au ukikuta utando unaonata chini ya kifuniko, rudisha rafuni.

Mdomoni: maswali matano

Piga funda dogo, vuta hewa kidogo juu yake, lisambaze lifike kila kona, kisha tema au meza. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu funda la kwanza la mvinyo wenye tanini siku zote ni la mshtuko. Halafu jiulize.

La kwanza: ukakasi ni mwingi kiasi gani, na ni wa aina gani? Wingi peke yake hauhukumu. Shika unga wa ngano kati ya vidole, kisha shika mchanga wa pwani. Vyote ni vikavu, lakini mguso si mmoja. Barolo nzuri hukausha mdomo wote sawia, kama unga. Ukakasi unaokwaruza sehemu moja kama mchanga, au unaoambatana na uchungu wa jani bichi, unaashiria zabibu zisizoiva sawasawa au mbao zilizozidi.

La pili: ugwadu uko wapi? Baada ya kukauka, je, mate yanarudi? Kwenye Barolo iliyo sawa, mambo haya mawili yanapokezana: tanini inafunga, ugwadu unafungua, na mdomo unaomba funda jingine. Mvinyo unaofunga tu bila kufungua huchosha kabla ya glasi ya pili.

La tatu, na ndilo kubwa: ukakasi ukishafika, tunda limebaki au limetoweka? Kama ladha ya tunda inaendelea kusikika nyuma ya ule ukavu, mvinyo una akiba ya miaka. Kama tunda limezimika na ukavu umebaki peke yake, hakuna muda utakaolirudisha. Muda hulainisha tanini, lakini tunda nalo hupungua kila mwaka; usisubiri kiunzi kilainike kwenye nyumba isiyo na mtu.

La nne: pombe inachoma? Joto dogo kooni ni sawa. Moto kifuani ni kasoro, ila hakikisha kwanza kwamba chupa yako haiko nyuzi 25.

La tano: ladha inadumu muda gani? Ukishatema, hesabu polepole. Hesabu ladha, usihesabu ukavu. Mvinyo wa kawaida huishia kwenye tano. Barolo ya maana inavuka 15 na bado unasikia waridi.

Udongo, mwaka na pipa

Majibu yako yatabadilika kulingana na mahali chupa ilikotoka. Mvinyo wa La Morra na wa kijiji chenyewe cha Barolo kwa kawaida hufunguka mapema na hunukia zaidi. Wa Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba huwa mgumu na hutaka subira. Ni kawaida tu, si amri, kwa kuwa mtengenezaji naye ana mkono wake. Mwaka pia una sauti: 2014 ulikuwa wa mvua, 2017 wa joto na ukame, na 2016 ni kati ya miaka inayosifiwa sana ya siku hizi kwa uwiano wake.

Kuhusu pipa, watu wa Langhe waligombana kwelikweli. Wazee walizoea mapipa makubwa ya mwaloni, ya maelfu ya lita, yanayotumika miaka mingi na kuacha ladha ndogo sana. Kizazi cha miaka ya 1980 kilileta mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225. Elio Altare, mtengenezaji wa La Morra, alichukua msumeno wa mashine mwaka 1983 akayakata mapipa ya baba yake, na baba akamnyima urithi. Upande wa pili akasimama mtengenezaji mwingine, Bartolo Mascarello, aliyeyakataa mapipa madogo mpaka akayapiga marufuku kwa maandishi kwenye lebo yake. Leo ugomvi umepoa na wengi wako katikati. Kwako mwonjaji, swali ni moja: unasikia vanila, kahawa na mkate uliochomwa kabla ya kusikia tunda? Kama ndiyo, na chupa ni changa, ipe muda. Kama ni ya miaka 15 na bado vanila ndiyo inayoongoza, mbao zimeishinda zabibu.

Mtihani wa siku ya pili

Usiimalize chupa. Bakiza theluthi, irudishie kizibo, iweke kwenye friji, na uionje kesho yake ikiwa nyuzi 16 tena. Barolo iliyojengwa vizuri huwa imelegea na kunukia zaidi. Dhaifu huwa imekufa. Ni njia ya masikini ya kutabiri miaka mitano ijayo, na mimi huiamini kuliko alama 95 za mkosoaji yeyote.

Hivyo ndivyo nilivyojirekebisha kwa mjomba. Kesho yake tulikuwa na mkia wa ng'ombe uliochemka tangu asubuhi mpaka nyama ikaachia mfupa. Nikamletea kilichobaki, baridi kiasi, kwenye glasi pana. Alikula kwanza, akanywa, akapitisha ulimi ufizini kama jana yake. “Bado bibo,” akasema, “ila leo limeiva.”

Ni ile chai ya maziwa. Protini ya nyama ilizipa tanini kitu cha kushikana nacho, na mafuta yakaulainisha mdomo. Wenyeji wa Piemonte nao hunywa Barolo na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya mvinyo huohuo, au na jibini iliyokomaa. Kwetu, mkia, kongoro na nyama ya mbuzi ya kuchoma vinafaa. Pilipili ikae mbali, kwa sababu huuchochea moto wa pombe. Na samaki wa mafuta naye asiitwe, maana mara nyingi akikutana na mvinyo mwekundu kama huu huacha ladha ya chuma mdomoni.

Pa kuanzia

Barolo ni ghali, kwa hiyo usiifanye shule ya chekechea. Tafuta chupa tatu nafuu za Piemonte. Barbera ina ugwadu mwingi na tanini kidogo. Dolcetto ina tanini za kutosha na ugwadu mdogo. Langhe Nebbiolo ina vyote viwili, kwa sauti ya chini kuliko Barolo. Zionje kwa mfuatano huo jioni moja, na watu wanne mchangiane gharama. Ukiweza kusema bila kutazama lebo ipi ni ipi, uko tayari.

Kisha nunua daftari la shule. Kwa kila chupa andika jina, mwaka, joto uliloinywea, na mistari minne: ukakasi, ugwadu, tunda, muda. Andika siku ya kwanza, andika siku ya pili. Usisome maoni ya mtu mwingine mpaka wino wako ukauke.